Mnunuzi Mmoja katika Mtaa wa Heri

Nimeombwa mara nyingi nisimulie niliyoyaona katika nchi ya Maridadi, na mara zote nimekataa, kwa sababu wasikilizaji wangu huanza kucheka kabla sijafika pa kucheka, kisha hunyamaza pale ninapotaka wacheke. Sasa nimeamua kuandika. Karatasi haimkatizi mtu maneno.

Jinsi nilivyofika huko hakuna haja ya kueleza. Njia ni ndefu na ina mawe. Aliyewahi kusafiri anaijua, na asiyewahi haimhusu. Inatosha kusema kwamba niliingia Maridadi nikiwa na mfuko wa nguo, pakiti mbili za majani ya chai, na sufuria moja iliyotoboka kitako. Mimi bila chai ya asubuhi si mtu wa kukaa naye. Nasema hivyo mapema ili ujue kwamba baadhi ya maneno makali utakayoyasoma yaliandikwa na tumbo.

Nilipouliza fundi wa masufuria nilielekezwa Mtaa wa Heri, ambao wenyeji wanausifu kuwa ndio mtaa wa maduka uliochangamka kuliko yote duniani. Na kweli, nilipofika nilisimama nikashangaa. Njia ilikuwa imefagiliwa mpaka unaona haya kuikanyaga. Mitaro ilikuwa imezibuliwa, taa zimesimama kwa mstari, kila mlango una chungu cha maua, na mabango yote yameandikwa kwa mwandiko mmoja. Na watu! Wanawake kwa wanaume, kila mmoja na kikapu mkononi, walikuwa wakipanda kwa upande wa kulia na kushuka kwa upande wa kushoto. Wanasimama mbele ya dirisha, wanatikisa kichwa kwa kuridhika, wanaendelea. Nikasema moyoni, hapa ndipo, sufuria yangu imepona.

Nilitembea mtaa mzima, nikagundua mambo mawili. Vikapu vyote vilikuwa vitupu, na milango yote ya maduka ilikuwa imefungwa.

Nikauona mlango uliochorwa sufuria na nyundo. Kabla sijabisha, askari mwenye kofia ya kijani alinishika bega kwa adabu kubwa.

"Samahani, bwana mgeni. Unataka kufanya nini?"

"Nataka kutengenezewa sufuria."

"Kutengenezewa. Halafu?"

"Halafu nilipe, niichukue, niende zangu."

Akatazama kushoto na kulia. "Yaani wewe ni mnunuzi?"

"Ndiyo, mimi ni mnunuzi."

"Punguza sauti, bwana," akaninong'oneza. "Watu wako hapa na familia zao."

Nikapelekwa kwa Mwenyekiti wa Umoja wa Kustawisha Mtaa. Jina lake Shekue, mzee mrefu mwenye kofia ya kudariziwa, muuza vitambaa tangu ujana wake. Ningependa kumchora kama mtu mbaya, ingenirahisishia kazi, lakini alikuwa mwema kupita kiasi. Alinipa kiti chake, yeye akasimama. Aliniomba radhi kwamba hawezi kunikaribisha chai, kwa kuwa muuza chai alikuwa matembezini. Hapo nilihisi kichwa kinaanza kuniuma.

Akanieleza habari za Umoja tangu mwanzo, nami nitazieleza kwa haki. Zamani Mtaa wa Heri ulikuwa tope tupu. Mvua ikinyesha mitaro ilifurika, wateja wakapandisha nguo magotini na kwenda kununua kwingine. Wenye maduka wakakutana, wakakubaliana kila mmoja achange kidogo kulingana na upana wa duka lake. Wakaajiri wafagiaji, wakazibua mitaro, wakaweka taa na mabenchi, wakapaka rangi kuta. Wateja wakarudi. Mpaka hapo sina neno. Ningekuwa na duka pale, ningechanga na kushukuru.

Baadaye wakataka kujua kama Umoja unasaidia kweli. Wakamweka mama mmoja, Bi Mashavu, kwenye kigoda kirefu mwanzo wa mtaa. Pembeni yake wakaweka debe na mfuko wa mahindi. Kila mtu anayepita, Bi Mashavu hutia punje moja katika debe. Jioni debe linapimwa, na kimo cha mahindi ndicho afya ya mtaa.

"Siku moja," Shekue alisema, na sauti yake ikatetemeka, "tulikuta debe limeshuka nusu. Nusu nzima, bwana mgeni! Kamati ilikaa, watu wazima wakalia. Tukaona mtaa unakufa mikononi mwetu."

Ikaamuliwa kwamba kila mwenye duka ausaidie mtaa kwa kutembea ndani yake na kikapu, siku moja kwa juma. Debe likapanda. Walipoona dawa inafanya kazi, wakaongeza dozi: siku mbili, kisha nne. Nilipofika mimi, ilikuwa siku sita. Ya saba walipumzika kwa ajili ya miguu.

"Na nani anauza?" niliuliza.

"Tulihofia hilo mwanzoni. Lakini hebu niambie wewe. Mteja akishanunua, anafanya nini?"

"Anakwenda nyumbani."

"Umesema mwenyewe!" Akapiga goti lake. "Anatutoka. Mtaa umepungua mtu. Lakini ambaye hajanunua yupo, anatembea, anatazama, anapendezesha. Hatukatazi kununua, hasha, sisi si watu wa mabavu. Tunamshauri tu mtu asifikie huko."

Nikamwambia kwetu tuna msemo, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akaniomba nirudie nusu ya mwisho. Akaiandika.

Alasiri nilikaribishwa kwenye kikao cha Umoja, nikakaa benchi la nyuma na sufuria yangu mapajani. Ajenda ilikuwa kama mtembeaji aruhusiwe kuuliza bei. Upande mmoja ulisema kuuliza kunachangamsha mtaa. Upande wa pili, ukiongozwa na mtu mnene mwenye duka la viatu, ulisema kuuliza ndio mwanzo wa kununua.

"Leo atauliza bei," alisema huyo wa viatu, "kesho atajaribu kiatu cha kushoto. Keshokutwa atataka na cha kulia. Hapo tumlaumu nani?"

Mwoka mikate akasimama, mzee mwembamba, akauliza kwa unyonge kama mkate unaweza kuhesabiwa mbali na bidhaa nyingine, maana unachacha. Akajibiwa kwamba harufu ya mkate imekwisha kuruhusiwa, asiwe mroho. Baada ya saa mbili wakapatana: kuuliza bei ruksa, kujibu marufuku. Walipeana mikono kwa furaha ya watu walioepusha vita.

Ajenda ya mwisho ilikuwa kesi. Aliyeitwa mbele alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mfupi, mabega mapana, vidole vyeusi kwa kazi. Huyo ndiye Bi Siwatu, fundi wa masufuria, mwenye ule mlango niliozuiwa kubisha. Shitaka lilisomwa: mara tatu ametoroka zamu ya kutembea, na mara tatu amekutwa ndani ya fremu yake, kile chumba chake cha duka, anagonga.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa natia vitako. Watu wa nyumba za nyuma wanapikia vigae, nyie hamjui kwa sababu hampiti huko. Nina miaka ishirini na mbili ndani ya fremu ile. Nimelelea watoto wanne mle. Mkitaka niwasaidie, nisaidieni kuketi."

Hukumu ilikuwa hii. Jumamosi ilikuwa Siku ya Debe, siku ya kipimo kikuu cha mwaka. Bi Siwatu atembee siku hiyo kuanzia kufunguliwa kwa mtaa hadi kufungwa, bila kukosa hatua. Akikosa, fremu itachukuliwa na kufanywa Makumbusho ya Biashara, maana vijana wengi wa Maridadi hawakuwahi kuona biashara na wangependa kujifunza.

"Tunakusaidia, Siwatu," Shekue alisema, na machozi yalikuwa ya kweli. "Huoni kwamba tunakusaidia?"

Nilimfuata mama yule nje. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yalikwenda kwenye sufuria kabla hayajafika usoni kwangu. Akaichukua, akaiinua juani, akatazama tundu. "Hii kazi ya dakika kumi. Na siwezi kukufanyia. Yule wa kofia ya kijani amekabidhiwa ufunguo wangu mpaka Jumamosi ipite."

"Utafanya nini?"

"Nikitembea, nabaki na fremu nisiyoingia. Nisipotembea, sina fremu. Wewe umetembea dunia, niambie, kwenu watu hufanya nini?"

"Kwetu tungeandika barua."

"Na barua inasaidia?"

"Hapana."

Alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka, nikaona aibu.

Siku mbili zilizofuata sikuwa na la kufanya. Nilikaa chini ya kigoda cha Bi Mashavu nikitafuna majani ya chai makavu, jambo ambalo simshauri mtu. Alikuwa mama mwenye maneno mengi na mtu wa kuzungumza naye hana. Nilipomtajia ile siku ya debe kushuka nusu, aliangusha punje nje ya debe.

"Alikuwa kuku," alisema.

"Kuku gani?"

"Kuku wa jirani, mwekundu, ana kilema cha ukucha. Nilikwenda kusali, nikarudi, nikamkuta kichwa kimo ndani ya debe. Alikula mpaka akashindwa kutembea."

"Mama! Na hukusema?"

"Niseme lini, baba? Nilipofika, kamati ilikuwa imekwisha kulia. Mtu mzima akishalia mbele yako, utamwambia ni kuku?"

Niliwaza nimwendee Mwenyekiti. Nilikwenda, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, na jioni ile ikatolewa amri kwamba kuku wote waliopo karibu na mtaa wapewe vikapu vidogo. Sikumwendea tena.

Jumamosi ikafika. Bendera ndogo zilitundikwa kutoka taa hadi taa, na Shekue alisimama kando ya debe akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Wenye maduka walitoka wote, na wake zao, na wakwe. Bi Siwatu alikuwa miongoni mwao na kikapu chake kitupu, anatembea kwa hasira, anakanyaga kama anayeua siafu. Nilisimama karibu na mlango wake na kuhesabu mizunguko. Wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Kila alipofika kwenye dirisha lake alilazimika kusimama, kutazama nyundo zake mwenyewe kupitia kioo, na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Katika mzunguko wa tatu mwanamke mmoja alitokea kwenye uchochoro, mbio, upande mmoja wa khanga yake umelowa. Mkononi ana sufuria kubwa inayovuja.

"Siwatu! Binti yangu kajifungua juzi, maji ya kumkanda yote yameishia motoni. Nimechemsha mara tatu, mara tatu moto umezimika. Nifanyeje, dada yangu?"

Bi Siwatu akasimama. Watembeaji waliokuwa nyuma yake wakamgonga mgongoni, mmoja baada ya mwingine, wakaomba radhi. Askari wa kofia ya kijani akaanza kuja. Bi Siwatu alimtazama askari, akautazama mlango wake, na nikaona kabisa kwamba anaiaga fremu. Akaweka kikapu chini. Akafungua khanga ya kiunoni, akatoa nyundo na kipande cha bati alivyokuwa ametembea navyo asubuhi nzima. Akaketi ukingoni mwa mtaro, ule mtaro mzuri usio na hata jani, akaanza kugonga.

Mlio wa nyundo ulipanda mtaani, ukaingia uchochoroni. Watu wa nyumba za nyuma walikuwa hawajausikia kwa wiki kadhaa. Wakaanza kuja: wazee, kina mama, mfungwa aliyeachiliwa juzi, kila mtu na sufuria, birika, karai, wengine na vifuniko tu, ilimradi wasikose. Watembeaji wakashindwa kupita, wakasimama kutazama. Watu wakajaa mpaka mlangoni kwa yule wa viatu. Bi Mashavu alitia punje kwa mikono miwili, debe likajaa, likamwagika, akaomba debe jingine.

Shekue alikuja akipenya katikati ya watu, kofia imekwenda upande, anacheka na kulia pamoja. "Siwatu! Haijatokea! Tangu Umoja uzaliwe haijatokea!" Akapanda juu ya benchi na kutangaza pale pale, bila kamati, kwamba fremu ni ya Siwatu, na ya watoto wake, na ya wajukuu. Watu wakapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga kelele, sijui kelele gani.

Shekue akainama, akamwambia Bi Siwatu kwa upole, "Kila siku utagonga hapa. Wewe ndiwe moyo wa mtaa. Ila ndugu yangu, usimalize. Ukimaliza wataondoka. Gonga, wape matumaini, lakini usimalize."

Bi Siwatu alikuwa na sufuria ya yule mwanamke magotini. Kitako kimekaa mahali pake, kimebaki kukunjwa ukingo, kazi ya mapigo manne au matano. Alimtazama Shekue. Akamtazama mwenye sufuria, ambaye hakuwa akisikiliza hotuba yoyote. Alikuwa akitazama nyundo.

Akapiga mapigo matano. Akatema mate ndani, akakagua chini, akafuta kwa khanga. "Nenda kamkande mwanao," alisema.

Mwanamke akaenda mbio. Bi Siwatu akanyoosha mkono kupokea nyingine.

Ilikuwa birika. Kisha karai. Kila aliyepata chake aliondoka, na kila aliyeondoka Shekue alimfuata kwa macho kama mtu anayetazama maji yakimwagika mchangani. Ya nane ilikuwa yangu. Ningependa kuandika kwamba nilibaki kumtetea yule mama mpaka mwisho. Sikubaki. Nilikwenda kuchemsha chai. Nilikunywa vikombe sita, na kwa kikombe cha sita nilianza kuona haya.

Asubuhi ya Jumapili nilirudi. Mtaa ulikuwa mtupu, safi, na mzuri. Katika mlango wa fundi palikuwa na ubao mpya wenye mwandiko ule ule mmoja: MAKUMBUSHO YA BIASHARA. TAFADHALI USIGUSE. Ndani, nyuma ya kamba, kilikuwapo kigoda chake, na nyundo zake zimepangwa kwa ukubwa. Niliumia. Nilisimama pale nikatukana kwa lugha tatu, na ya nne nikaibuni.

Nilipomaliza kutukana, nikasikia nyundo.

Ilitoka nyuma. Nilipita uchochoro, nikatokea mahali ambapo maduka yote ya Heri yanageuza migongo, penye mapipa ya taka na kuta ambazo hazikupakwa rangi. Bi Siwatu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mbele yake foleni. Kando yake mwoka mikate alikuwa akitoa mikate kwa dirisha la nyuma, na muuza chai, Mungu amzidishie, alikuwa ameweka jiko lake ukutani. Hata yule mnene wa viatu alikuwapo, anamvisha mtu kiatu cha kulia. Walinieleza kwamba wote walikuwa wametegua vifundo vya miguu katika mzunguko wa mwisho na daktari amewakataza kutembea. Daktari mwenyewe alikuwa kwenye foleni.

Siku ya tatu ya soko lile la mgongoni, akaja Shekue. Alikuwa peke yake, na kifurushi kimefungwa kwa gazeti. Nilijisogeza karibu na Bi Siwatu, nikiwa tayari kwa lolote, ingawa sijui ningefanya nini. Lakini mzee alitupita. Alikwenda nyuma kabisa ya foleni, akasimama. Alisogea hatua kwa hatua karibu saa nzima juani, mpaka akafika mbele, akafungua gazeti. Ilikuwa sufuria ya wali, kubwa, ina tundu la kupita kidole.

"Habari za nyumbani, Shekue?" aliuliza Bi Siwatu.

"Nyumbani tunachoma mihogo, Siwatu. Mwezi wa tatu sasa. Mke wangu ameacha kusema nami."

Hakumcheka. Alitia kitako, akakunja ukingo, akajaribu kwa maji, akapokea ujira wake kama kwa mtu yeyote. Shekue akaikumbatia sufuria, na hakuondoka. Nadhani alikuwa hajanunua kitu kwa miaka tisa.

"Sasa nafanyaje?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Sasa unakwenda nyumbani."

Alipiga hatua mbili, akageuka haraka, kutazama pengo aliloliacha mbele ya yule fundi. Bibi mmoja alikuwa amekwisha kusogea, na karai lake kichwani.